Diski ya Chama

Makambako, Jumatatu 3 Machi 2025

Mashine ya chama cha akiba na mikopo imeletwa leo mchana kwa bajaji, imefunikwa turubai kwa sababu ya mvua. Mama Mhasibu aliisindikiza mwenyewe. Ikiwashwa, kabla Windows haijaamka, kioo kinaandika kwa Kiingereza kwamba hali ya diski ni mbaya, nakili vitu vyako ubadilishe diski, kisha bonyeza F1 kuendelea. Wamekuwa wakibonyeza F1 tangu kabla ya Krismasi. Karani aliyeanza kazi mwaka jana aliikuta hali hiyo, akaambiwa ndivyo inavyowashwa.

Ndani mna vitabu vya akiba, hisa na mikopo ya wanachama zaidi ya mia nne: wakulima wa viazi na mahindi, wapasua mbao, mama lishe wa stendi. Nakala ya mwisho iko kwenye flashi na ni ya Oktoba. Mkutano mkuu ni mwisho wa mwezi huu, na gawio linatakiwa kukokotolewa kutoka vitabu hivyo hivyo.

Nilipoyasoma yale maneno nikaizima mashine, sikuigusa F1. Mama akashangaa. "Fundi, mbona inafanya kazi? Jana nimeingiza marejesho ya mikopo bila tatizo." Nikamwambia, Mama, kila Windows inapoamka inasoma na kuandika maelfu ya vitu ambavyo wewe hujaviomba, na diski hii pumzi iliyobaki nataka itumike kutoa vitabu vyako, si kufungua picha ya mezani.

Onyo la namna hii halitoki kwa Windows wala halitokani na virusi. BIOS inaiuliza diski swali moja tu inapowashwa: u mzima au la? Diski inajibu kwa mujibu wa vipimo vyake yenyewe, viitwavyo SMART, na hukiri ubovu pale tu kipimo kimojawapo kinapokuwa kimeshuka hadi kwenye kizingiti alichokiweka mtengenezaji, au chini yake. Watengenezaji huviweka vizingiti hivyo chini sana, maana hawataki kurudishiwa diski wakati wa dhamana. Kwa hiyo diski inayoonekana nzima huenda imeshaanza kuharibika, lakini inayokiri yenyewe kwamba ni mbovu haina sababu ya kubishiwa.

Nimemwomba alete pia vitabu vya mkono vya Novemba hadi sasa, kama vipo. Vipo. Ameviandika vyote kwa kalamu, kila siku. Nimefurahi mno.


Jumanne 4 Machi

Asubuhi nimeitoa diski kwenye mashine yao na kuifunga kwenye mashine yangu ya Linux, kwa kebo ya SATA moja kwa moja, na mashine yangu inakula umeme kupitia UPS. Sikutumia kasha la USB. Baadhi ya makasha hayapitishi vipimo vya diski, na diski inayohangaika kusoma huishia kukatika na kurudi, kukatika na kurudi, hata usijue kinachougua ni diski au kasha. Kabla ya kuwasha nimezima ile tabia ya mfumo kufungua kila diski inayochomekwa. Ikifunguliwa kwa kawaida inaandikwa, na diski hii sitaki iandikwe hata herufi.

Kisha `smartctl -a`. Amri hii ni salama hata kwa mgonjwa mahututi, kwa sababu haipiti juu ya sahani kusoma data yako, inaomba tu daftari ambalo diski imekuwa ikijiandikia. Nilichonakili:

Namba 5, sekta zilizohamishwa: thamani 31, kizingiti 36, ghafi 2,832.
Namba 197, sekta zinazosubiri: ghafi 184.
Namba 198, sekta zilizoshindikana kusomeka: ghafi 184.
Namba 199, makosa ya kebo: 0.
Namba 9, saa za kuwa hewani: 31,460, yaani zaidi ya miaka mitatu na nusu kama isingezimwa kabisa.
Joto: 27.

Kijana wangu wa kazi akauliza swali ambalo kila mtu hukwama nalo: "Fundi, hii 31 inasema ndogo, na 2,832 inasema kubwa. Ipi nisikilize?" Thamani ni alama ambayo diski inajipa, huanzia 100 au 200 kwa kawaida, wakati mwingine 253, na kushuka ndiko kuharibika. Ikifika kwenye kizingiti, diski hukiri. Ghafi ndiyo hesabu ya chini yake, na hapo kila mtengenezaji ana mwandiko wake. Kwa namba 5, 197 na 198 ghafi husomeka wazi karibu kila mahali: ni idadi ya sekta. Kwa namba 1, makosa ya kusoma, diski hii inaonyesha mamilioni kwa mamilioni. Kijana akashtuka. Kuna watengenezaji wanaochanganya humo hesabu ya makosa na hesabu ya usomaji wote kwenye tarakimu moja ndefu, hata diski iliyotoka dukani leo itaonyesha mamilioni. Namba ile usiihukumu kwa ghafi, tazama thamani na kizingiti.

Mama Mhasibu alipopita saa sita nikamweleza namba 5 kwa lugha ya ofisini kwake. Diski hutoka kiwandani na akiba ya sekta zisizotumika. Sekta ikiharibika, diski huchota moja kutoka akiba na kuhamishia data huko kimyakimya. Hii imechota 2,832, na akiba imefika mahali ambapo hata mwenye kiwanda anasema basi. Akatikisa kichwa. "Na hizi 184 zinazosubiri?" Hizo ni sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na haiwezi kuzihamisha kwa sababu haijui kilichomo. Zinasubiri ama zisomeke siku moja, ama ziandikwe upya. Kila moja ni kipande cha data ambacho leo hii hakipo mikononi mwetu. Ukubwa wake ni baiti 512 tu kwenye diski hii, lakini baiti 512 katikati ya kitabu cha mikopo ni wanachama kadhaa.

Namba 197 ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Namba 5 inasimulia yaliyokwisha kupita. Namba 197 inasema kuna kitu kimepotea na huenda bado hujagundua.

Jioni tumeanza kunakili. Nimetumia ddrescue, programu ya Antonio Diaz Diaz, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya diski zinazokufa: inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, inaruka zinazogoma, na kila hatua inaiandika kwenye faili ya ramani ili ikikatizwa iendelee pale ilipoishia. Nakala ya kawaida ya Windows ikikutana na sekta mbovu hung'ang'ania hapo hapo, na diski hufia mikononi mwake huku faili nzima zilizo mbele hazijaguswa.

`ddrescue -d -n /dev/sdb chama.img chama.map`

Kabla ya kubonyeza, nimemtaka kijana asome namba ya utambulisho kwenye kibandiko cha diski kwa sauti na mimi nikailinganisha na iliyo kwenye kioo. Chanzo na kituo vikibadilishana nafasi, na kituo kikawa diski, hakuna vitabu tena. Nakala inakwenda kama faili moja kubwa kwenye diski yangu ya karakana ya TB 4.


Jumatano 5 Machi

Umeme ulikatika usiku, radi nyingi. UPS ilishika, lakini haikukusudiwa kushika hadi asubuhi, kwa hiyo nikasimamisha kazi na kuzima kila kitu kwa utaratibu. Umeme uliporudi nilitoa amri ile ile, na ddrescue ikafungua ramani yake na kuendelea.

Hadi saa mbili asubuhi ilikuwa imechukua karibu diski yote, imebakiza kama MB 6 zilizotawanyika. Sasa ndipo nimeiruhusu irudie sehemu ngumu, `-r3` badala ya `-n`, faili zile zile na ramani ile ile. Nimeacha hatua hii mwisho makusudi. Kurudia sekta mbovu ndiko kunakochosha vichwa vya kusomea, na kama diski itakata roho hapa, angalau iliyo nzima imeshatoka.

Mwenyekiti amekuja na Mama Mhasibu, mama akitoka ibada ya Jumatano ya Majivu. Mzee alikuwa na jambo. Fundi mwingine mjini amemwambia kazi hii ni ya `chkdsk` na nusu saa tu, diski inapona na inarudi ofisini. "Sasa wewe kijana, siku zote hizi unafanya nini?"

Nilimjibu kwa heshima na kirefu, maana ushauri ule unaua data ya watu wengi. Mzee, `chkdsk` inatengeneza orodha ya faili, haitengenezi sahani. Kazi yake ni kuhakikisha Windows inaielewa diski, hata ikibidi kukata kile isichokielewa. Kwa diski nzima iliyozimwa vibaya ni chombo kizuri na mimi hukitumia. Ukikiongezea `/r` kinasoma kila sekta ya diski, kinahangaika na kila mbovu, na kinachoonekana hakina mwenyewe kinakitupa kwenye folda ya vipande visivyo na majina. Kinaandika mabadiliko hayo juu ya diski yenyewe, bila nakala ya hali ya awali. Kwa diski yenye sekta 184 zinazosubiri, ni kumfanyia mgonjwa upasuaji ambao hauwezi kurudishwa. Baada ya nakala kutoka, chkdsk inaweza kuendeshwa juu ya nakala ya nakala, mara yoyote, na hakuna kitakachopotea.

Akauliza kama itawezekana kuitumia hadi mkutano mkuu upite, maana bado inawaka. Nikamwambia hapana. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha walichokiona kwenye diski zaidi ya laki moja. Diski ikionyesha kosa lake la kwanza la kukagua sahani, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 zinazofuata unakuwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Hiyo ni kwa kosa la kwanza. Hii ya chama ilishapita huko zamani. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza mama bei ya diski mpya.


Ijumaa 7 Machi

Imeisha. Kisichopatikana kabisa ni KB 212. Kwa diski ya TB 1 iliyokuwa ikibonyezewa F1 tangu mwaka jana, nashukuru.

Lakini KB 212 za wapi? Hapa ndipo kazi nyingi za mafundi huishia mapema: faili linafunguka, mteja anafurahi, na mwezi wa sita ukurasa wa katikati unakutwa una takataka. Nimetengeneza nakala ya ile faili kubwa, nikaiambia ddrescue ijaze kila pengo kwa neno moja la alama nililolichagua, kisha nikaifungua kwa kusoma tu na kulitafuta neno hilo ndani ya kila faili. Limeonekana kwenye mafaili kadhaa ya Windows, kwenye picha za mkutano wa 2019, na kwenye nakala moja ya zamani ya mwezi. Kwenye vitabu vya mwaka huu na mwaka jana halimo.

Hata hivyo hilo ni neno la mashine. Mama Mhasibu ameketi karakana mchana kutwa na vitabu vyake vya kalamu, tukalinganisha jumla ya kila mwezi, Novemba hadi Februari: akiba, hisa, mikopo iliyotoka, marejesho, faini. Januari ilipishana kwa shilingi elfu kumi na tano. Moyo ulinienda mbio. Akatafuta, akakuta risiti iliyoandikwa mkononi tarehe 31 na kuingizwa kwenye kompyuta tarehe 1 Februari. Vitabu ni vizima.

Bila yale madaftari ya kalamu ningeweza kusema faili zinafunguka. Nisingeweza kusema ni za kweli.


Jumamosi 8 Machi

Habari za diski ya chama zimesambaa mjini, kila mwenye onyo amekuja. Nizihifadhi mbili kwa ajili ya kijana, kwa sababu zinafundisha upande wa pili: si kila onyo ni kifo.

Ya kwanza ni ya mwalimu wa sekondari. Mashine inaganda, kunakili faili kunasuasua, ameshaambiwa anunue diski. Namba 5 sifuri, 197 sifuri, 198 sifuri. Namba 199 imepita elfu sita. Namba 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Sahani hazihusiki. Nimebadilisha kebo ya SATA. Hesabu ile hairudi nyuma kamwe hata ukirekebisha tatizo, kwa hiyo nimemwandikia tarakimu ya leo kwenye kipande cha plasta ndani ya kasha. Akija baada ya mwezi na ikawa ile ile, kebo ndiyo iliyokuwa na shida. Ikiwa imepanda, tutatazama soketi na umeme.

Ya pili ni ya kijana wa studio ya picha. CrystalDiskInfo imegeuka njano. Programu hiyo huandika namba kwa mtindo mwingine, 197 inaitwa C5, 198 ni C6, 199 ni C7, na kwa kawaida yake sekta moja tu kwenye 05, C5 au C6 inatosha kuitoa kwenye buluu. Naipenda kwa ukali huo. C5 yake ilikuwa moja, 05 sifuri. Nikamwuliza kama umeme ulikatika akiwa kazini. Ulikatika, akiwa anahifadhi video ya harusi, na hana UPS.

Hapa inawezekana diski haina ugonjwa. Kila sekta huandikwa pamoja na tarakimu za kuihakiki. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, data mpya na tarakimu zake hazilingani, na diski ikirudi kusoma inakuta kitu kisichoeleweka, inaiweka sekta kwenye orodha ya kusubiri. Sahani yenyewe haina jeraha. Kujua kama ni jeraha au la kuna njia moja: sekta iandikwe upya. Ikikubali, C5 inarudi sifuri na 05 haiongezeki. Ikikataa, diski inachota kwenye akiba na 05 inapanda.

Tulitoa kwanza picha na video zote, tukazifungua na kuzitazama. Baada ya hapo nikaendesha jaribio refu, ambalo diski hujisoma yenyewe mwanzo hadi mwisho, likasimama kwenye sekta hiyo moja. Nikaijaza diski sifuri mwanzo hadi mwisho. C5 imerudi sifuri, 05 imebaki sifuri, jaribio refu la pili limemaliza bila kosa. Nimemrudishia, kwa sharti kwamba isishike kitu kisicho na nakala pengine, na nimemwambia kwanza anunue UPS. Sikumficha kwamba mtu wa harusi ile hakupata dakika ya keki.


Jumanne 11 Machi

Kijana ameniomba nimwandikie namna ya kupima diski. Yeye anapenda majaribio. Kila diski inayoingia anataka kuibonyezea jaribio refu papo hapo, na namzuia.

Jaribio fupi, `smartctl -t short`, ni la dakika mbili hivi: diski inajikagua umeme wake, vichwa, na kusoma sehemu ndogo. Jaribio refu, `-t long`, linasoma sahani nzima na kwa diski kubwa linakula masaa mengi. Yote mawili yanafanyika ndani ya diski yenyewe na hayaandiki juu ya data. Ndiyo maana watu huyaita salama. Kwa data, ni salama. Kwa diski dhaifu, kusomwa mwanzo hadi mwisho ni safari, na kama ina nguvu ya safari moja tu, hiyo safari iwe ya kunakili. Ukilitanguliza jaribio, utapata jibu sahihi kuhusu diski ambayo sasa haisomeki.

`badblocks` ni habari nyingine. Bila alama yoyote inasoma tu. Ukiiwekea `-w` inaandika juu ya kila kitu, na hakuna kurudi. Ile naitumia kwa diski mpya kabla haijapewa kazi, na ndivyo ninavyofanya sasa na diski mbili za TB 2 ambazo chama kimenunua. Inaandika mitindo minne na kuisoma yote, inachukua zaidi ya siku nzima. Mwenyekiti anaona ni ucheleweshaji. Diski yenye kasoro ya kiwandani afadhali ifie mezani kwangu ikiwa tupu, na dhamana ingali hai.

Na saa za kuwa hewani nazo zisiaminiwe peke yake. Mwanzoni mwa mwaka huu imeripotiwa Ulaya kwamba diski zilizochakaa zimekuwa zikiuzwa kama mpya, daftari lao la SMART limefutwa na saa kurudishwa karibu sifuri. Za Seagate zina daftari la pili liitwalo FARM, na smartctl kuanzia toleo 7.4 inalisoma. Saa za madaftari hayo mawili zikipishana mno, rudisha dukani. Hizi mbili za chama zinalingana.

Jambo moja zaidi, na hili nimelipigia mstari. Neno la smartctl kwamba diski imefaulu lina maana moja: hakuna kipimo kilichofika kizingiti. Katika utafiti ule wa Google, diski 36 katika kila 100 zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote ya makosa kwenye vipimo vyote vya SMART, ukiacha joto. Backblaze, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data, ilitazama vipimo vitano, 5, 187, 188, 197 na 198, na mwaka 2016 ikaandika kwamba asilimia 23.3 ya diski zao zilizokufa hazikuwa na onyo kwenye hata kimoja. Onyo likija ni bahati. Mtu asiye na nakala anaitegemea bahati hiyo kwa kila kitu alicho nacho.


Ijumaa 14 Machi

Baba mmoja kutoka Njombe, diski ya mkononi imeanguka kutoka mezani, inagonga: tk, tk, tk. Kuna picha za marehemu mkewe. Amesikia kwamba ukiiweka diski kwenye friji inapona, na amekuja kuuliza akiifungua kidogo kuna hatari gani.

Nilimkalisha. Kichwa cha diski huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Vumbi usiloliona ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo. Ukiifungua hapa, na vumbi la mbao la mji huu, umeshaifunga. Friji inaleta unyevu juu ya sahani. Na mlio ule wa kugonga huenda ni kichwa kilichovunjika kinachokwaruza kila ikiwashwa. Sikuiwasha hata kwa kujaribu. Nimeifunga kwenye sponji nikamwambia akatafute wenye chumba kisicho na vumbi na vichwa vya kubadilishia, aulize bei kabla ya kukabidhi, na kabla ya hapo asimpe mtu yeyote aichomeke.

Aliondoka bila kusema mengi. Natamani ningekuwa na cha kumpa.


Jumanne 18 Machi

Mashine ya chama imerudi ofisini na SSD. Mwenyekiti anafurahi kwamba inawaka upesi, anasema sasa shida ya diski imekwisha. Nimemwonyesha kwamba SSD nayo inajiandikia daftari, ila husomwa kwa namba nyingine: asilimia ya uhai uliotumika, akiba iliyobaki, na makosa ya data. Asilimia ya uhai inaweza kupita 100 na diski ikaendelea kufanya kazi, kwa hiyo si tarehe ya kifo. Akiba ikianza kushuka, au makosa ya data yakitoka sifuri, hapo niitwe siku hiyo hiyo. Na SSD haigongi wala kulia. Ikifa, mara nyingi inatoweka tu asubuhi moja.

Tumekubaliana: nakala kila Ijumaa jioni kwenye diski moja ya TB 2, ya pili inakaa nyumbani kwa mwenyekiti na hubadilishana kila wiki. Karani ndiye anayenakili, Mama Mhasibu ndiye anayeifungua Jumatatu kwenye kompyuta nyingine na kusoma jumla ya akiba. Nimesisitiza watu wawe wawili. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa siihesabu.


Jumapili 30 Machi

Mkutano mkuu ulifanyika jana. Gawio limesomwa, hesabu zimepita.

Wiki hii, data yote ikiwa mahali patatu, ndipo nimeipa diski ya zamani jaribio refu, ili kijana aone kwa macho. Lilisimama likiwa limebakiza asilimia 90, kosa la kusoma. Nikaijaza sifuri. Namba 197 ilishuka, na namba 5 ikapita 3,100, kisha 197 ikapanda tena bila sisi kuigusa. Akaniuliza kama angalau itafaa kuhifadhia nyimbo. Haifai. Diski ya studio iliandikwa upya ikatulia, hii imeandikwa upya ikaendelea kubomoka, na tofauti hiyo ndiyo hukumu yake.

Ilibeba majina, akiba na madeni ya watu zaidi ya mia nne, na sekta ilizozihamisha hazifikiwi na kufuta kwa kawaida. Mbele ya Mama Mhasibu tumeitoboa kwa drili hadi sahani zote, akasaini kwenye daftari la mali kwamba imeharibiwa. Kwenye ukuta wa ofisi yao, juu ya mashine, karani amebandika karatasi kwa mwandiko wake: mashine ikiandika neno lolote kabla ya Windows, zima, usibonyeze kitu, mpigie fundi.